Viroboto, paka wa mama mkwe, na mlango tuliokuwa tunauruka

Wakuu, salaam kutoka Same mjini, huku ambako leo upepo umeamka vibaya na vumbi limefika mpaka kwenye sufuria ya chai.

Naandika nikiwa nimechoka. Uchovu wa kazi nimeuzoea, huu ni mwingine. Ni uchovu wa mtu aliyepigana muda mrefu na kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, na kitu chenyewe kikawa kinashinda.

Nazungumzia viroboto.

Anayetaka kucheka acheke kwanza amalize. Hata mimi habari hii ingekuwa ya mtu mwingine ningecheka. Ila kila nitakachoandika kimetokea ndani ya nyumba yangu na sijakitia chumvi. Wa kubisha abishe tu, mimi ni Mpare, kubishana nimezaliwa nako.

Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha, karakana yangu iko pembeni ya barabara kubwa. Nina mke, Mama Namsifu, na watoto wawili. Namsifu yuko darasa la tatu. Mdogo wake Elia ndiyo kwanza anajifunza kuvaa viatu, na kila siku kiatu kinaanza na mguu usio wake.

Tuna mbwa pia, Bosi. Ni mbwa wa kawaida wa uswahilini, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Analinda uwanja na kulala kibarazani. Miaka yote hatujawahi kuwa na shida naye.

Sasa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mhezi, kule juu milimani. Mzee wake alishatangulia, akabaki peke yake na migomba yake, maharage kidogo, na goti linalomsumbua. Mvua zilizopita aliteleza shambani akaanguka. Alilala pale kwenye tope akiita, hakuna wa kusikia, mpaka jirani mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akamkuta ametetemeka mpaka sauti imekwisha.

Mama watoto alipopigiwa simu hakula siku hiyo. Wala hatukujadiliana sana. Tukasema mama anashuka, anakaa kwetu, basi.

Alishuka na begi moja, paka ndani ya kikapu, na ngozi ya mbuzi iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Ngozi hiyo aliitengeneza marehemu mumewe kwa mikono yake. Mama huwa anaitandika chini kando ya kitanda, na ndipo anapopigia magoti kusali, na goti lake hilo bovu. Hata umwekee mto hataki.

Paka anaitwa Mjumbe. Kule Mhezi alikuwa anazunguka nyumba moja hadi nyingine kuulizia habari za watu, kama mjumbe wa nyumba kumi.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasiojua. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe unamheshimu kwa umbali. Humpi mkono hovyo, huketi naye kochi moja, humwangalii miguu. Chumba anacholala huingii, hata kama nyumba umejenga wewe na mabati umepiga wewe. Nikiwa na neno naye nasimama kwenye korido, nakohoa, natoa shikamoo, naongea nikiangalia ukuta. Vijana wa siku hizi mtaona ni ushamba. Sawa. Mimi ndivyo nilivyo.

Tulimpa chumba cha mwisho wa korido, chenye dirisha la kuangalia milima, ili asijisikie yuko mbali sana na kwao. Tangu siku ile mguu wangu haukukanyaga mle.

Muda ukapita kidogo. Elia akaanza kujikuna.

Tukasema mbu. Tukaangalia neti, neti nzima. Tukasema labda sabuni, mama watoto akabadilisha sabuni. Namsifu naye akaanza, vipele vidogo vidogo vimejipanga kwenye vifundo vya miguu, vingine ameshavichubua. Tukasema joto. Same ukikosa cha kusingizia kuna joto.

Kisha nikawa nimekaa kanisani Jumapili, nimechomekea shati, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, nikasikia kitu kinatembea ndani ya soksi. Wakuu, mtu mzima nilijikuna kwa kisigino cha kiatu cha pili mpaka mzee wa kanisa akanigeukia. Nilitoka nje kama mtu aliyepigiwa simu ya dharura. Nikavua kiatu nyuma ya choo, nikamwona. Mweusi mwekundu, bapa, nikataka kumbana kwa kidole, karuka.

Niliporudi nyumbani nikatandika shuka jeupe sebuleni, nikasimama juu yake. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Wakaanza kuja.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa Bosi. Nani mwingine? Mbwa ndiye mwenye jina baya siku zote. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikachukua dawa ya kuogeshea, nikachanganya kama walivyonielekeza, nikamwogesha uwanjani akiwa amenuna. Nikamvisha mnyororo nikampeleka karakana akalale huko. Elia alilia akimfuata mpaka getini.

Bosi akakaa uhamishoni. Viroboto wakaendelea.

Basi ukaanza msimu wa washauri. Mmoja akasema majani ya mwarobaini, chemsha, mwagia sakafu. Mwarobaini Same si wa kutafuta, upo kila uwanja. Tulichemsha mpaka nyumba nzima ikawa na harufu ya dawa ya malaria ya zamani. Mwingine akasema majivu. Tukanyunyiza majivu, ukaja upepo wa mchana, tukala makande yenye majivu. Mwingine akasema mafuta ya taa, piga deki nayo. Tulipiga. Mama watoto kichwa kikamuuma hadi akatapika, na mimi nikawa naogopa kuwasha kiberiti ndani ya nyumba yangu.

Jirani yangu ni Mchaga mwenye duka, mtani wangu wa kudumu, tunamwita Mangi. Akawa kila nikipita kununua sabuni ananiuliza mbele ya wateja:

"Vipi fundi, wamehama au mmewapeleka mahakamani? Nyie Wapare najua mtakata rufaa mpaka kiroboto achoke."

Nilikuwa nacheka. Lakini wakuu, kuna aina ya kucheka ambayo unaona kabisa meno yako yamechoka.

Sasa sote wawili, mimi na mama watoto, tulikuwa tunajua kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakisema. Bosi ameishi na sisi miaka na miaka. Kilichokuwa kipya ndani ya nyumba ni Mjumbe.

Na Mjumbe analala chumbani kwa mama.

Tulianza kuliongea kwa kunong'ona jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili sauti isisikike.

"Mwambie mama," nikasema. "Wewe ni mwanaye."

"Nimwambie nini? Kwamba ametuletea viroboto?"

"Mwambie tunataka tu kuangalia paka."

"Baba Namsifu, mama yangu ameacha kwake juzi. Anakula kwa aibu, anaomba maji ya kuoga kwa aibu. Nikimwambia hivyo atasikia kwamba yeye ndiye mchafu. Atapanda gari kesho."

Alikuwa anasema kweli. Mama alikuwa anaishi kwetu kama mgeni wa siku moja. Ukimpa nyama anarudisha nusu kwa watoto. Akimaliza kula anataka aoshe sahani yake mwenyewe, amesimama kwa mguu mmoja. Na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa muda wote, mchana na jioni. Akitoka anaufunga nyuma yake, akiingia anaufunga. Tukaona ni mazoea ya mtu aliyekaa peke yake.

Kitu kingine tulichokiona na tusikifikirie: katika joto lile lote alikuwa anavaa soksi ndefu za sufu mpaka magotini, na sweta. Tulidhani ni mambo ya watu wa mlimani. Elia alikuwa anamwambia, "Bibi vua, utaiva." Bibi anacheka.

Nilienda kumwona bwana mifugo, maana nilishachoka kubahatisha. Nikamuuliza kama ile dawa ya Bosi naweza kumwogeshea paka. Akaniambia nisithubutu, dawa nyingi za mbwa na ng'ombe zinaua paka, maana paka anajilamba mwili mzima. Naomba mliofuga paka mlishike hilo, niliponea chupuchupu kumuua Mjumbe wa watu. Akaniambia paka ana dawa yake ya matone, inawekwa nyuma ya shingo ambapo ulimi haufiki.

Kisha akaniuliza, "Huyo paka analala wapi? Mayai yanadondoka pale anapolala. Hapo ndipo pa kuanzia."

Nikamwambia analala popote.

Nilijua siyo kweli. Lakini nitamwambia nini mtu baki, kwamba analala mahali ambapo mimi mwenye nyumba siwezi kuingia?

Tukaita mtu wa kupulizia dawa. Akaja na bomba lake mgongoni, barakoa usoni, kijana mchangamfu. Mama tulimwambia tunapuliza dawa ya mbu. Mama watoto ndiye aliyesema, huku anaangalia chini, na mama akajibu, "Mmefanya vizuri, mbu wa huku ni wengi." Akatoka akaenda kukaa kivulini uwanjani na Mjumbe mapajani, mkono juu ya paka wakati wote.

Kijana akapuliza sebule. Akapuliza chumba chetu, cha watoto, jikoni, stoo. Akafika mwisho wa korido, akashika kitasa, akanigeukia.

"Na hiki?"

"Hicho ruka," nikamwambia.

"Kaka, ukiruka kimoja umeruka vyote."

"Ni cha mama mkwe."

Akaachia kitasa kama kimemuunguza. Naye ana mama mkwe kwake.

Tulipata nafuu, nisiseme uongo. Watoto wakalala. Nikaenda kumtoa Bosi karakana, akarudi nyumbani anarukaruka, nikaona tumeshinda.

Baada ya muda si mrefu Elia akaanza tena. Kisha Namsifu. Kisha mimi. Bosi naye ambaye alirudi msafi akawa anajing'ata mkiani, nikamrudisha karakana, na safari hii hakunifuata kwa hiari.

Tukamwita kijana tena. Mbu tena. Akapuliza, akaruka. Nafuu, halafu wakarudi.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi hali ya nyumba wakati ule. Mama watoto alikuwa anafua kila kitu, anaanika, anafagia, anapiga deki, kisha jioni anakaa kwenye kochi anaangalia miguu yake anaanza kulia bila sauti. Tukawa tunagombana kwa vitu vya kijinga. Nani ameacha taulo chini, nani ameruhusu paka apite sebuleni. Nilikuwa natoka karakana, nafika getini, nasimama. Sitaki kuingia nyumbani kwangu. Mtu unajenga nyumba kwa miaka halafu unasimama getini unatafuta sababu ya kurudi kazini.

Halafu wakaja akina mama wa kanisani kumjulia hali mama. Wameketi, wameimba, wameomba. Katikati ya sala nikaona mmoja anainua mguu anaukuna, wa pembeni naye anapapasa chini ya kitenge. Chai wakaacha nusu, wakakumbuka wana vikao. Nilimwangalia mama mkwe wakati wanatoka, na macho yake yalikuwa chini kwenye sakafu.

Kesho yake alisema anarudi Mhezi.

Alisema joto limemshinda. Akasema migomba haina mtu, na kwamba goti limepata nafuu, jambo ambalo hata Elia aliona si kweli. Mama watoto akabembeleza, akapiga magoti. Mama akawa anajibu kwa upole uleule, joto, migomba, joto.

Nilijua maana yake. Maana yake ni kwamba atapanda kule, atakaa peke yake, na mvua zitakuja tena, na tope litakuwepo, na yule jirani siku hiyo huenda asikate majani upande ule. Mimi nilikuwa nalijua hilo na bado nilikaa kimya, kwa sababu kusema "mama usiende, tutawamaliza hawa viroboto" ilikuwa ni kumtajia viroboto.

Heshima ilikuwa imetufunga midomo, na ilikuwa inampeleka akafie mlimani. Niliona aibu na sikujua aibu hiyo naiweka wapi.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa sebuleni. Gari la kupanda milimani linaondoka mapema na linajaa, kwa hiyo tulikuwa na haraka. Mama ameketi kwenye kiti, Mjumbe kikapuni. Mimi nimesimama mlangoni kama kawaida yangu, nimeangalia nje. Mama watoto akainama kumvalisha viatu, maana goti lile lililopata nafuu halikuruhusu ainame.

Soksi ya kushoto ilikuwa imejikunja. Mama watoto akaivuta aiweke sawa, ikashuka.

Nikasikia, "Mama!"

Niligeuka bila kufikiri, kisha nikakumbuka, nikageuza uso upesi. Lakini nilikuwa nimeshaona. Mguu wote kuanzia kifundo hadi chini ya goti ulikuwa na vidonda. Vingine vipya, vingine vimekauka, vingine vina usaha. Sisi sote tulikuwa tumeumwa, lakini sisi tulikuwa tumeumwa na mabaki. Yeye alikuwa ndiye chakula chenyewe.

Mama watoto akavua soksi ya pili. Akapandisha mkono wa sweta. Akaanza kulia kwa sauti, anauliza kwa Kipare, kwa nini hukusema, kwa nini hukusema.

Mama mkwe akaongea, na hakuongea na mwanaye. Aliongea na mimi.

"Baba Namsifu, geuka."

"Mama, naheshimu."

"Nimesema geuka. Angalia."

Nikageuka. Nikaangalia miguu ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Niliwaona kwenye ngozi ya mzee. Nikasema wakijua watamtupa Mjumbe, au watachoka na mimi. Nikawa nawaua mwenyewe kwa kucha. Na nimefunga ule mlango muda wote ili wasitoke, wasiwafikie watoto. Naona walikuwa wanapita chini."

Sisi tulikuwa tunauruka mlango ule kwa kumheshimu. Yeye alikuwa anaufunga kwa kutulinda. Na wale wadudu walikuwa wanakula pande zote mbili bila kusumbuliwa na mtu.

Nikapata ujasiri, nikasema, "Mama, ile dawa haikuwa ya mbu."

Akasema, "Najua. Mbu hawapulizwi chini ya makochi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Tulicheka na mama watoto huku bado ana machozi, Elia akawa anatuangalia mmoja mmoja.

Kisha mama mkwe akanyoosha mkono kuonyesha mwisho wa korido.

"Nenda kafungue. Kiroboto hajui ukwe. Toa kila kitu."

Niliufikia ule mlango nikakohoa, kwa mazoea, wakati najua chumbani hamna mtu. Nikafungua, nikaingia.

Chumba kilikuwa safi kuliko changu. Kitanda kimetandikwa bila mkunjo, kitabu cha nyimbo juu ya mto, harufu ya dawa ya kuchua. Ila sakafu upande ule ina nyufa, na ngozi ya mbuzi iko juu ya nyufa zenyewe, na manyoya ya paka yamejaa katikati ya manyoya ya mbuzi. Niliinua ncha. Chini yake kulikuwa na kama vumbi jeusi na vitu vyeupe vidogo mfano wa chumvi, na vijidudu kama uzi vinajipinda vikikimbia mwanga. Suruali yangu ilianza kuwa na nukta nyeusi mpaka magotini.

Gari la Mhezi liliondoka bila mtu wetu.

Kuanzia hapo ni kazi tu, niieleze kwa ufupi kwa wenye shida hii. Tulitoa kila kitu cha chumba kile, godoro, blanketi, pazia, tukaanika kwenye jua la Same, na jua letu mnalijua. Vya kufuliwa vikafuliwa kwa maji ya moto. Nyufa za sakafu nilizifagia kwa brashi yangu ya waya ya karakana, uchafu wote nikauchoma, kisha nikazijaza saruji. Kijana wa bomba akarudi, akapuliza nyumba nzima siku moja, na safari hii hakuruka. Mjumbe akapata matone yake nyuma ya shingo, Bosi akaogeshwa tena, wote kwa wakati mmoja.

Na msidhani waliisha siku hiyo. Wanaoanguliwa baadaye wapo, wamejificha kwenye vijumba vyao ambavyo dawa haipenyi, wakisikia hatua za mtu wanatoka. Tulirudia kupuliza. Tulifagia kila siku, kila siku, mpaka nikawa naota fagio. Kuna siku nilikaa chini katikati ya korido na fagio mkononi nikasema basi, wachukue nyumba. Mama mkwe akatoka chumbani na fimbo yake, akachukua fagio akaanza kufagia amesimama kwa mguu mmoja. Ningefanya nini? Niliinuka.

Mama mwenyewe tulimpeleka hospitali, vidonda vikapona, vimebaki madoa.

Ile ngozi aliniambia niichome. Alisema hivyo akiangalia pembeni. Nikaichukua nikaenda nayo karakana, nikawasha moto, nikaishika nikashindwa. Niliipaka dawa, nikaikung'uta, nikaiweka juu ya bati la karakana, jua la kutwa nzima na upepo, msimu mzima. Nilimrudishia majuzi. Imekauka na kukakamaa na nywele nyingi zimetoka, haifanani na ya zamani. Aliipokea akainusa, akaniambia inanuka chuma.

Kisha akaingia nayo chumbani, akaitandika palepale.

Leo hii nyumbani hakuna anayejikuna. Bosi amerudi kibarazani. Mjumbe amejitambulisha mtaa mzima, juzi nimemkuta dukani kwa Mangi amelala juu ya gunia la mchele, na Mangi anasema eti anasubiri hukumu ya rufaa.

Mnaofuga, nililojifunza ni hili. Dawa zipo na zinafanya kazi, kama hamna kitu mnachofichana. Sisi hatukushindwa na viroboto. Tulishindwa kusema neno moja mezani, watu wazima watatu, kila mmoja anamhurumia mwenzake kimyakimya, na mtu mmoja anavuja damu ndani ya soksi.

Mama hazungumzii tena habari za migomba. Na mlango wa mwisho wa korido sasa hivi haufungwi mchana. Jioni nikirudi kutoka kazini bado nasimama pale nje, bado nakohoa, bado natoa shikamoo, hayo siachi. Ila siangalii ukuta. Yeye anavuta gauni kidogo, ananyoosha ile miguu yenye madoa nje ya kitanda, anasema:

"Marahaba baba. Haya, ingia ukague."

Naingia, nakagua.

Nawaachia uwanja wakuu. Kwenu mkwe anaingia? Na ambaye ndani ya nyumba yake kuna mlango anauruka mpaka leo, atuambie ni kwa nini.